Uchambuzi wa kisa: saa 16 za kufunga, kidonge cha asubuhi na malaria, Kadutu

Mgonjwa ni mama wa miaka 54, muuzaji wa sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwani), mkaaji wa Kadutu mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ni mgonjwa wa mfano: tumemuunda ili saa na hesabu zifuatike vizuri, wala hakuna mtu mmoja wa kutafutwa nyuma yake. Ana kilo 86 kwa urefu wa mita 1.60, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 33.6. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka sita. Anatumia metformini ya miligramu 1000 asubuhi na jioni, pamoja na glibenklamidi ya miligramu 5 kila asubuhi. Glisemi yake ya kuamka, yaani sukari ya damu, ilikuwa ikicheza kati ya 160 na 180 mg/dl.

Alianza kufunga kwa vipindi bila kumwambia mtu wa afya, baada ya kupokea ujumbe wa WhatsApp uliosema kwamba ukifunga saa 16 mwili "unakula magonjwa yake". Dirisha lake la kula lilikuwa saa saba mchana hadi saa tatu usiku. Asubuhi alikunywa maji na chai kavu. Vidonge aliendelea kuvimeza saa moja asubuhi, kama alivyozoea miaka yote sita.

Wiki nne za kwanza zilimpa haki. Alipungua kilo 3, glisemi ya kuamka ikashuka hadi kati ya 118 na 130. Wiki ya tano alianza kutoka jasho sokoni. Wiki ya sita alipata homa, na siku ya tatu ya homa hiyo alichanganyikiwa akiwa na glisemi ya 41. Homa ikapona, kisha siku ya 20 ikarudi. Katikati ya hayo kulikuwa na karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya na chupa ya sirapu ya "kuongeza kinga" ambayo haikuwa na kazi yoyote.

Tuanze na jasho, maana ndilo lililotangulia.

Lilikuja siku tatu mfululizo, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, akiwa amekwisha kupanda kilima na beseni kichwani. Mikono ilitetemeka alipopima samaki kwa kopo, moyo ulipiga mbio, midomo ikafa ganzi. Binti yake aliyekuwa kando ya meza alimuuliza: "Mama, jasho lote hili na jua bado?" Akajibiwa: "Niache mwanangu, ni mafuta yanayeyuka." Siku ya tatu jirani wa meza alimpa soda, na ndani ya dakika kumi akarudi kuwa mzima. Hiyo soda ndiyo ilikuwa utambuzi wa ugonjwa, ila hakuna aliyeusoma. Mafuta yanapoyeyuka hayaleti jasho baridi na kutetemeka, na mtu hawezi kuponywa na soda kutokana na kuyeyuka kwa mafuta. Ilikuwa sukari ya damu imeshuka.

Kwa nini ishuke? Jibu la haraka ni "kwa sababu hakula", nalo si sahihi. Tufanye hesabu. Ini la mtu mzima hutunza takriban gramu 100 za glikojeni, sukari iliyofungwa kwa ajili ya akiba. Misuli ina nyingi zaidi, lakini haitoi sukari yake kwenye damu, inaitumia yenyewe. Ubongo hula kama gramu 5 za glukozi kwa saa. Baada ya chakula cha saa tatu usiku, saa nne au tano za kwanza mwili huishi kwa chakula chenyewe, hasa kama kilikuwa bugali wa muhogo. Kuanzia hapo ini linafungua akiba. Kufikia saa nne asubuhi zimepita saa 13, na akiba ingali na kitu. Isitoshe, ini hutengeneza sukari mpya kutokana na laktati, gliseroli na protini, huku mafuta yakianza kuachiliwa na kugeuzwa kidogo kidogo kuwa ketoni, nishati ambayo mwili huitumia badala ya sukari. Mtu asiyetumia dawa hufika saa 16 akiwa na glisemi ya 70 hadi 90 na anafanya kazi yake.

Ghala lilikuwa na mali, basi. Kilichofungwa ni mlango.

Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hakuna chakula. Inafunga matundu ya potasiamu kwenye chembe za beta, zile zinazotoa insulini, na chembe hizo zinaitikia kana kwamba sukari imepanda. Insulini hiyo inalikataza ini kutoa sukari, na inayakataza mafuta yasiachiliwe. Yaani mama huyu alifunga ili achome mafuta, kisha akameza kidonge kinachozuia mafuta kuchomwa. Kikimezwa saa moja asubuhi, nguvu yake kubwa huwa kati ya saa mbili na saa nne baadaye, yaani saa tatu hadi saa tano. Jasho lilikuja saa nne na kitu. Saa zinalingana kabisa.

Lakini kwa nini wiki ya tano na si ya kwanza? Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Kidonge kile kilipangwa kwa mtu mwenye sukari ya 170. Kikiiteremsha kwa 60, anabaki na 110 na hajisikii kitu. Sukari yake ya kuamka ilipofika 120, kidonge kilekile kilimpeleka 60. Hatari ilikua kadiri mfungo ulivyomfaa. Mgonjwa wa namna hii akikuambia "mwezi wa kwanza sikuona tatizo", hilo halipunguzi wasiwasi hata kidogo.

Metformini peke yake haina tabia hiyo. Inapunguza sukari inayotengenezwa na ini bila kusukuma insulini, na ni mara chache sana imshushe mtu hadi azimie. Shida yake iko kwingine: mtu akitapika, akiharisha au akifunga kavu bila maji hadi figo zikazembea, dawa hurundikana na asidi ya laktiki yaweza kupanda. Siku hizo husimamishwa.

Sasa kinga.

Ujumbe wa WhatsApp ulichanganya mambo matatu ya kweli na kuyatoa mahali pake. La kwanza ni autofajia, namna chembe inavyovunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2016 kwa kufichua utaratibu huo, kazi aliyoifanya kwenye hamira. Njaa huuchochea, hilo ni kweli. Lakini "saa ya 16" si kengele: hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoonyesha autofajia ya mtu imeanza saa ngapi, na vidudu vya malaria havisubiri ianze.

La pili ni ketoni. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba ketoni iitwayo beta-hidroksibutirati hutuliza mtambo mmoja wa uvimbe ndani ya chembe nyeupe, uitwao NLRP3. Ilionekana kwenye chembe za maabara na kwenye panya, kwa viwango vya milimoli kadhaa kwa lita. Anayefunga saa 16 kwa kawaida hubaki chini ya milimoli moja. Na huyu, mwenye insulini iliyolazimishwa kutoka, yawezekana hakufika hata hapo.

La tatu ndilo linaloigusa karatasi ya maabara. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyopima damu ya watu wazima wenye afya waliofunga saa 19: monositi, aina ya chembe nyeupe zinazokimbilia penye uvimbe, zilipungua kwenye damu. Hazikufa. Ini likihisi nishati imepungua, ishara inayoziita zitoke kwenye uboho wa mifupa hupungua, nazo hubaki huko. Mwaka 2023 kazi nyingine ya panya ilionyesha upande wa pili: wakifungishwa saa 24, monositi hurudi ubohoni; wakilishwa, hufurika kwa wingi kwenye damu, na panya hao walipoambukizwa bakteria ya mapafu walikufa upesi kuliko wenzao. Ni kama pikipiki za abiria siku ya mvua. Hazionekani barabarani, lakini zipo nyumbani, na mvua ikikatika zote zinatoka kwa mara moja na kujazana kwenye rond-point, mzunguko wa barabara.

Siku ya kwanza ya homa mama alifika kituo cha afya saa tano asubuhi, saa 14 tangu alipokula. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya. Aliongezewa NFS, kipimo cha kuhesabu chembe za damu: chembe nyeupe 3,600, monositi asilimia 2, yaani 72 kwa kila mikrolita, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, 110,000. Mtu fulani aliisoma karatasi akasema "askari wa mwili wamekwisha". Ndiyo sirapu ikanunuliwa. Kumbe damu ile ilikuwa na mikono miwili ndani yake. Malaria yenyewe hupunguza chembe sahani, na limfositi (aina nyingine ya chembe nyeupe) pia mara nyingi. Mfungo nao ulikuwa umeanza kuvuta monositi kwenye uboho. NFS moja iliyochukuliwa katika hali hiyo haisemi kinga ina nguvu au haina. Ingetosha kuandika kwenye fomu "hajala tangu saa tatu usiku" na kurudia homa ikipona, mgonjwa akiwa amekula.

Je, alipaswa kula au kufunga akiwa na homa? Jaribio moja la panya la mwaka 2016 linatajwa sana hapa. Panya wenye bakteria ya Listeria walipolazimishwa kupewa glukozi walikufa zaidi. Wenye virusi vya mafua walisaidiwa na glukozi hiyohiyo. Somo lake ni kwamba maambukizi si mamoja. Halina ruhusa ya kumwambia mgonjwa wa malaria afunge. Kwa malaria kuna sababu zilizo wazi zaidi za kula: vidudu vyenyewe hula glukozi, homa huongeza matumizi ya nishati, na dawa inataka mafuta.

Hilo la mwisho ndilo lililomrudishia homa. Alipewa artemeta-lumefantrini, dawa mseto ya malaria, ya vidonge vya miligramu 20/120: vidonge vinne kwa dozi kwa mtu wa zaidi ya kilo 35, dozi sita kwa siku tatu, jumla 24. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Kwake ilikwenda hivi: ya kwanza saa kumi jioni akiwa ameshiba, ya pili saa sita usiku kwa maji, ya tatu asubuhi kwa maji, ya nne jioni na chakula, ya tano asubuhi kwa maji, ya sita jioni na chakula. Dozi tatu kati ya sita, vidonge 12 kati ya 24, viliingia tumbo tupu kwa sababu "dirisha lilikuwa limefungwa".

Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Bila mafuta sehemu kubwa inapita tu tumboni na kutoka. Chakula chenye mafuta huongeza unyonywaji wake hadi mara 16, na wa artemeta kama mara mbili. Sasa angalia kazi zao. Artemeta ndiyo ya haraka, hupunguza vidudu kwa wingi na kuondoa homa, lakini huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa na kumalizia waliobaki. Ndiyo maana homa ya mama ilipoa siku ya tatu na kila mtu akaamini dawa imefanya kazi. Mkia ulibaki. Siku ya 20 homa ilirudi na GE (tone la damu likitazamwa kwa hadubini) ikaonyesha vidudu. Kwa kituo cha kawaida haiwezekani kutenganisha vidudu vilevile na mbu mpya, lakini ikirudi ndani ya siku 28 hutumika mseto tofauti. Yeye alipewa artesunati-amodiakini, mara moja kwa siku kwa siku tatu.

Hakuhitaji karamu. Gramu chache za mafuta zinatosha: robo ya avoka, andazi moja, kiganja cha karanga, kikombe cha maziwa yasiyotolewa krimu. Hata saa sita usiku. Akitapika ndani ya nusu saa, anarudia dozi nzima. (Isigeuzwe kuwa sheria ya dawa zote. Rifampisini ya kifua kikuu hupenda tumbo tupu. Swali la kuuliza famasi ni "hii inamezwa na nini?", kila mara.)

Turudi kwenye siku ya tatu, alipochanganyikiwa. Saa moja asubuhi alimeza dozi ya tano kwa maji, na glibenklamidi pamoja nayo. Jana yake alikula vijiko vichache tu kwa sababu ya kichefuchefu. Saa tatu binti yake alimkuta ameketi kitandani, anavaa kitenge juu ya kitenge, hajibu vizuri. Familia ilidhani malaria imepanda kichwani. Kituoni glisemi ilikuwa 41.

Kilichofanywa kituoni kilikuwa sawa: mililita 200 za glukozi ya 10% kwa mshipa, kipimo baada ya dakika 15, ikawa 96. Palipotaka kuharibika ni pale familia ilipoomba kurudi nyumbani, maana mgonjwa anaongea, anacheka. Glibenklamidi hudumu hadi saa 24, na kwa mwenye figo dhaifu zaidi ya hapo. Glukozi ya mshipa huisha upesi kuliko kidonge. Muuguzi alikataa, akapima kila saa. Saa nane mchana ilikuwa imeshuka tena hadi 63. Alilala kituoni hadi kesho yake.

Kama mgonjwa yuko macho na anaweza kumeza, kazi huanzia nyumbani: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya sentilita 30, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado chini ya 70, rudia. Ikishapanda, ale chakula cha kweli. Maziwa, karanga na avoka si vya kuanzia hapa, maana mafuta huchelewesha sukari. Akiwa hajitambui, usimmiminie kitu mdomoni.

Na jambo moja ambalo kwa bahati halikutokea: angepachikiwa kinini, dawa nyingine ya malaria. Kinini nayo huchochea insulini. Kinini, glibenklamidi, tumbo tupu na malaria kwa mtu mmoja ni vitu vinne vinavyovuta sukari chini kwa pamoja.

Baada ya hapo mpango ulibadilishwa, wala mfungo haukupigwa marufuku. Glibenklamidi ilisimamishwa. Metformini ilibaki, ikihamishiwa kwenye milo badala ya saa za mazoea, ya kwanza na chakula cha asubuhi, ya pili na cha jioni. Glisemi ikizidi kupanda bila glibenklamidi, daktari ana nafasi ya kuongeza gliklazidi kidogo, imezwe na mlo wa kwanza, kamwe si kabla ya saa za kufunga.

Dirisha lilihamishwa: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mwili hutumia insulini vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku. Mwaka 2018 jaribio dogo la wanaume wanane wenye dalili za mwanzo za kisukari, waliokula chakula cha mwisho kabla ya saa tisa alasiri kwa wiki tano, lilionyesha insulini ikifanya kazi vizuri zaidi na shinikizo la damu likishuka bila hata uzito kupungua. Saa tisa alasiri haiwezekani kwa mwanamke wa sokoni ambaye familia inamsubiri jioni. Saa kumi na mbili inawezekana. Kuhusu uzito wenyewe, jaribio la mwaka mmoja kule Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2022 kwa watu 139, halikuona tofauti ya maana kati ya waliopunguza chakula kwa saa maalumu na waliokipunguza bila saa. Kilo 3 za mama zilitoka kwenye andazi na chai ya sukari ya asubuhi aliyoacha.

Sahani nayo iliguswa. Zamani alifungua mfungo kwa mandazi matatu na chai tamu, akafunga siku kwa mlima wa bugali wa muhogo. Unga wa muhogo una protini kama gramu 1 au 2 tu kwa gramu 100, na anayepungua uzito bila protini hupoteza misuli. Mlo wa kwanza sasa ni mayai mawili au maharagi na mboga ya lengalenga. Sambaza, ambazo anaziuza mwenyewe lakini alikuwa hazili, ziko kwenye milo yote miwili. Bugali ni nusu ya ule wa zamani.

Kanisani kwake kuna kufunga kavu kwa siku tatu, bila chakula wala maji. Hilo ni jambo tofauti na saa 14 za usiku, na aliambiwa hivyo bila kuzungushwa: na metformini na figo za miaka 54, hapana. Wanaovuka siku tano bila kula wana hatari nyingine pale wanapofungua kwa chakula kingi: fosfati ya damu huanguka ghafla na moyo kuyumba. Kwao chakula hurudishwa kidogo kidogo, chini ya macho ya mtu wa afya.

Homa yoyote sasa inasimamisha mfungo siku hiyohiyo, hadi saa 48 baada ya dozi ya mwisho ya dawa. Kwenye beseni la sambaza kuna kifuko chenye vijiko vitatu vya sukari.

Siku ya 34 NFS ilirudiwa saa tatu asubuhi, baada ya chakula: monositi 410, chembe sahani 240,000. Sirapu ilikuwa bado nusu chupa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, kimeahirishwa kwa miezi mitatu, kwa kuwa malaria huvunja chembe nyekundu na kuleta matokeo ya chini kuliko ukweli. Mpaka wakati huo linatumika daftari: glisemi ya kuamka na ya saa mbili baada ya mlo wa jioni, mara tatu kwa wiki.